Kwa Anayeanza Walzi Arusha na Tayari Anawaza Mashindano

Wengi wanaokuja mazoezini hapa Arusha kujifunza walzi na rumba, dansi za ukumbini zinazochezwa kwa jozi, wameletwa na harusi. Walifundishwa hatua nne tano za kufungua muziki, kamati ikashangilia, video ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na muda si mrefu wanauliza mashindano ni lini. Siwacheki, maana aliyecheza mbele ya wakwe ameshavuka woga mkubwa kuliko wa majaji. Ila ninalowaambia mwanzoni huwa haliwafurahishi: mwaka huu wa kwanza usitafute hatua mpya. Ulizonazo zinatosha, bado tu hazijawa zako.

Piga hesabu uone. Raundi za mwanzo wimbo huchezwa kama dakika moja na nusu. Mkiwa jozi kumi na mbili uwanjani, jaji anabaki na sekunde saba au nane za kuwatazama ninyi. Hapo hawezi kujua umebeba madoido mangapi kichwani. Anaona kama unakanyaga kwenye mdundo. Anaona mabega yako na shingo ya dada unayecheza naye. Anaona kama mnakwenda pamoja au kila mtu na lake. Akiridhika anaweka alama ya kuwarudisha raundi inayofuata, asiporidhika hapati sababu ya kuwarudia, macho yameshahamia kwa wengine.

Kwa hiyo walzi yako iwe na vitu vichache: badiliko la kufunga miguu, mzunguko wa kulia, mzunguko wa kushoto, wiski (mguu mmoja kupita nyuma ya mwingine) na shase (hatua za upande, miguu ikifungana katikati). Si vitu vya kitoto. Walimu wa Uingereza walizipanga hatua za ukumbini katika miaka ya 1920, na mzunguko ule ule wa kulia unaofundishwa wiki ya kwanza bado unachezwa na mabingwa wa dunia. Tofauti ni namna ya kuucheza. Hatua ya kwanza ya kwenda mbele unatanguliza kisigino, mwili ukiwa bado chini. Walzi huhesabiwa moja, mbili, tatu: unaanza kupanda mwishoni mwa moja, unaendelea kupanda kwenye mbili na tatu ukiwa juu ya vidole, kisha unashuka tatu inapoisha, goti likipokea uzito. Wanaoanza hushuka mapema, tena kwa kishindo, na ukiwa umekaa pembeni unaweza kuwasikia wakishuka. Zoezi lake ni la bure: tembea mwenyewe kando ya ukuta, bila mwenza, bila muziki, ukihesabu kwa sauti. Linachosha akili kuliko miguu.

Muziki wa walzi ya mashindano huenda mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, na wimbo huchagui wewe. Ukifanyia mazoezi wimbo mmoja tu uupendao, umejifunza wimbo, hujajifunza walzi. Weka nyimbo nyingi kwenye simu, mwache mtu mwingine abonyeze, na uwe na spika ya kuchaji kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi jioni nzima imepotea. Kupunguza kasi ya wimbo kwa programu ya simu ni sawa unapojifunza hatua mpya. Ukiendelea hivyo mwezi mzima, unajidanganya.

Sasa rumba, ambayo ndiyo inayotusumbua zaidi kwa sababu tunadhani tunaijua. Sisi tumelelewa na rumba ya bendi za Kongo na za kwetu. Kiuno kinaelewa chenyewe. Rumba ya mashindano ni binamu yake: zote zina damu ya Cuba. Rekodi za Cuba zilifika Kongo zikazaa muziki tunaoujua. Upande mwingine, mwalimu aliyeitwa Monsieur Pierre na mwenzake Doris Lavelle walikwenda Cuba baada ya Vita Kuu ya Pili wakarudi London na namna ya kucheza ambayo ndiyo iliyojenga rumba inayoshindaniwa leo. Humo unahamisha mguu kwenye pigo la pili, la tatu na la nne. Pigo la kwanza mguu hauendi popote, nyonga ndiyo inayomalizia kazi ya hatua iliyopita.

Mtu wa hapa akisikia moja, mguu umeshaondoka. Na akikosa pigo, anakosa wimbo wote, kwa sababu yote yanayofuata yamesogea. Majaji hawana huruma na hilo, na mimi nadhani wako sahihi. Dawa yake ni kusimama na mwenzako, mmeshikana, mkisema "moja" kwa sauti huku miguu imeganda, kisha mnatoka kwenye mbili. Rudieni mpaka msiposema mdomo mwili useme. Kiuno kiacheni kwanza. Mguu ukinyooka vizuri na uzito ukihamia wote, nyonga husogea bila kulazimishwa. Ukiitikisa kwa makusudi inaonekana kama sherehe ya kipaimara saa tano usiku.

Kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi: kumbi za harusi zina nafasi na nyingi hukaa tupu katikati ya wiki. Zungumza na msimamizi kwa heshima, toa chochote mtakachokubaliana, fagieni mkimaliza. Tatizo ni sakafu. Karibu zote ni vigae au terazo, wakati mashindano makubwa huchezwa juu ya mbao. Kiatu cha dansi kina soli ya ngozi ya suedi, ambayo juu ya mbao hushika na kuteleza kwa kiasi kinachotakiwa, lakini juu ya kigae chenye vumbi huteleza vibaya. Piga deki kwanza, paache pakauke. Soli isugue kwa brashi ya waya mara kwa mara. Na usitoke na viatu hivyo nje hata kwenda dukani. Vumbi la Ngarenaro likishaingia kwenye suedi halitoki lote. Kama hujapata viatu vyenyewe, chukua kiatu cha ngozi kinachokubana vizuri, mpelekee fundi akubandikie soli ya suedi. Kina dada, msianzie kwenye kisigino kirefu chembamba mlichovaa kwenye send-off.

Suti wengi huitafuta mitumba, hapa soko la Kilombero au soko la Memorial kule Moshi, na zinapatikana nzuri kweli. Ila usiijaribu ukiwa umesimama mikono chini kama unapigwa picha ya pasipoti. Nyanyua viwiko mpaka usawa wa kifua, kama umemshika mwenzako, halafu jitazame. Koti likipanda mpaka masikioni, liache. Kwapa likiwa limekatwa chini sana, fundi hataweza kukuokoa kwa gharama ndogo. Soma pia masharti ya mavazi ya kundi lako la mashindano kabla ya kununua shanga na vito.

Uwanjani mnazunguka kinyume cha mshale wa saa, wote. Hili mtu hulisikia siku ya kwanza na kulisahau jozi nyingine ikimzibia njia. Zoezini waombeni wenzenu wasimame ovyo kama vizuizi, na anayeongoza ajifunze kungoja nusu mzunguko badala ya kumsukuma mwenzake kwenye msongamano. Anayefuata naye ana haki ya kumbonyeza kidogo mgongoni, maana yeye ndiye anayeona kinachokuja nyuma ya huyo kaka.

Neno fupi kuhusu mwenza. Oga kabla ya zoezi, beba fulana ya akiba, acha bablishi. Kama una mke au mume nyumbani, mlete aone mazoezi mapema, akae, ajue ni kazi ya aina gani. Maneno ya mtaa yatakosa pa kuanzia. Na anayesahihisha awe mwalimu. Jozi nyingi nilizoona zikivunjika zilivunjwa na maneno "mimi niko sawa, ni wewe".

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai jioni kuna baridi ya kukaza misuli, kwa hiyo tembea haraka robo saa kabla ya kunyanyua mikono. Ukienda kucheza Dar es Salaam tatizo linageuka: joto na unyevu ndani ya koti. Fika mapema, kunywa maji kidogo kidogo, na fanya mazoezi machache ya mwisho ukiwa umevaa nguo zote. Beba pini nne za kufungia namba mgongoni mwa mwanamume, na nyingine za kuazima, kwani lazima yuko aliyesahau.

Mkifika fainali, majaji huacha alama za kurudisha na kuanza kupanga nafasi. Hapa wengi huondoka wakilalamika kwa kutojua hesabu. Chukua majaji watano. Jozi ya kwanza imepewa 1, 1, 4, 4, 4. Jozi ya pili imepewa 2, 2, 2, 3, 3. Anayeshinda ni ya pili. Kinachotafutwa ni wingi wa majaji: hakuna aliyepata namba moja kwa watatu, basi wanahesabiwa waliompa mtu namba moja au mbili, na hapo jozi ya pili ina watatu, ya kwanza ina wawili tu. Jozi iliyowapendeza sana wawili imepitwa na jozi ambayo hakuna jaji aliyeiona mbaya. Ndiyo maana nakuzuia kuongeza madoido.

Matokeo yakibandikwa, piga picha karatasi yote, si mstari wako tu. Jaji mmoja akikupa 6 na wengine 3, mwache. Wote wakikushusha kwenye rumba ile ile ilhali walzi wamekupandisha, usiulize kuhusu nguo wala mpangilio wa hatua. Mwombe mwalimu akusikilizie pigo la kwanza.