Paka Mzee Hasalimiani kwa Macho

Msomaji wa Nyalenda, Kisumu, ananiandikia kwamba ameleta paka wadogo wawili, akawaweka mbele ya paka wake wa miaka tisa "wasalimiane". Sasa mzee yuko juu ya kabati, anafoka, hashuki kula. Kosa hili naliona kila mara. Paka humjua mwenzake kwa harufu, na harufu hii ya wageni imeingia kwake bila hodi.

Anza upya. Wageni wakae chumba chao, mlango umefungwa, siku 7 hadi 14. Kama unaishi chumba kimoja, tumia kizimba cha kuku kilichofunikwa leso pande zote, ndani kukiwa na maji na beseni la mchanga. Siku hizo pia zinamkinga mzee na panlukopenia, maradhi yanayoua paka wachanga upesi na ambayo virusi vyake hudumu sakafuni miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16.

Kazi kubwa ni harufu. Msugue mdogo mashavuni kwa soksi safi, maana ndipo zilipo tezi za harufu, kisha iache soksi hatua mbili kutoka sahani ya mzee. Usiitie chini ya sahani; atasusa chakula. Siku atakayoinusa na kuipita kama tambara, walishe pande mbili za mlango: sahani ziwe mita moja kutoka mlangoni, kila mlo uzisogeze upana wa kiganja. Omena iliyochemshwa bila chumvi itoke wakati huo tu.

Kuonana kwa kwanza kuwe kupitia wavu, dakika 5, wadogo wakiwa wameshiba na wamechoka kucheza. Kufoka na kofi lisilo na kucha ni adabu tu, waache. Masikio yakilala bapa na macho yasipopepesa, tia kadibodi katikati yao. Mkono wako usiutie, utararuliwa.

Paka watatu, mabeseni manne, tena yasiwe kona moja: mdogo akiziba njia, mzee atakojoa kitandani kwako.

Nawe wa Nyalenda, leo jioni mpandishie chakula huko huko kabatini. Siku mbili bila kula zaweza kumharibu paka ini, hasa mnene. Na kama ni dume, anachuchumaa na mkojo hautoki, usingoje asubuhi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huo huo.