“Limited” humkinga nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la vifaa vya ujenzi. Kampuni moja ilichukua kwangu saruji na nondo kwa mkopo, kisha ikafunga ofisi. Nilipomfuata mkurugenzi wake alinijibu kwamba kampuni ni “Limited”, kwa hiyo yeye hadaiwi chochote. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sehemu ni kweli. Wengi hudhani “Limited” ni cheo cha kampuni kubwa, kumbe ni kifupi cha maneno yanayohusu “liability”, yaani dhima: wajibu wa kulipa ambao mtu anaweza kushurutishwa nao mahakamani. Kinachowekewa kikomo ni dhima ya wenye hisa, kwani kampuni yenyewe hudaiwa hadi senti ya mwisho. Mwenye hisa 100 za shilingi 1,000 kila moja, aliyelipia nusu tu, anaweza kudaiwa shilingi 50,000 zilizobaki, basi.

Msimamo huu ulikaziwa Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu aliyekuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007, sita zilizosalia zikiwa za mkewe na watoto wao watano, na bado akahesabiwa kuwa mtu mbali na kampuni yake. Waliomdai waliona ni hila, nami siwashangai.

Hata hivyo, usikate tamaa kabla ya kukagua ankara na hati za kupokelea mzigo. Zikiwa na jina la biashara tu, lisilo na “Ltd” mwishoni, huenda hakuna kampuni hapo: jina la biashara nalo husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, lakini halizai mtu wa pili kisheria kama kampuni ifanyavyo, na mwenye jina hudaiwa yeye mwenyewe, pamoja na mali zake binafsi. Tafuta pia karatasi yoyote aliyotia saini kama mdhamini, kwa sababu dhamana ya namna hiyo, ambayo mabenki hupenda kuwadai wakurugenzi, humfunga yeye binafsi. Mahakama inaweza pia kumwajibisha aliyetumia kampuni kulaghai, ila mzigo wa kuthibitisha ulaghai ni wako, na kushindwa kulipa peke yake hakutoshi.

Yasipopatikana hayo, ishtaki kampuni, maana kufunga ofisi hakuifuti kwenye daftari la BRELA. Na kama imekwisha kuwekwa chini ya mfilisi, yaani anayekusanya mali za kampuni inayofungwa ili kulipa madeni yake, wasilisha kwake madai yako kwa maandishi, pamoja na nakala za hati hizo.