Maswali na Majibu: Yaliyo Chini ya Mlima

Je, ni kweli kwamba chini ya ardhi tunayoikanyaga kuna bahari ya moto? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, na naomba swali hili lisirudi tena. Koti la dunia, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda la nje, ambalo hufika kina cha kilomita 2,900 hivi, ni mwamba mgumu unaosogea polepole mno. Magma hupatikana pale tu sehemu ndogo ya mwamba huo inapoyeyuka, kama ilivyo chini ya baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa.

Nani alishuka akayaona hayo? (Tanga)

Hakuna aliyeshuka. Shimo la Kola nchini Urusi, lenye kina kuliko yote, liliishia mita 12,262. Tunachosoma ni mawimbi ya matetemeko: aina yake moja haipiti katika kimiminika, ndiyo maana tunajua kwamba kiini cha nje, tabaka lililo chini ya koti, kimeyeyuka.

Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Goma, italipuka lini tena? (Bukavu)

Tarehe haijulikani, na anayekutumia tarehe kwa simu ni mwongo.

Mbona mwaka 2021 hatukuonywa? (Goma)

Jioni ya tarehe 22 Mei, mitetemo ya wazi ilianza chini ya saa moja kabla lava haijapasua ubavu wa mlima. Hata hivyo, ufadhili wa kituo cha uchunguzi wa volkano ulikuwa umekatika mwaka uliotangulia, na vipimo vya mlimani vikakosa intaneti kwa miezi kadhaa. Mitetemo, gesi ya salfa na kuvimba kwa mlima lazima vipimwe kila siku, hata katika miaka ya utulivu, la sivyo hakuna cha kulinganisha siku mambo yanapobadilika. Mji ambao lava iliupita katikati hadi Ziwa Kivu mwaka 2002 haustahili kuachwa bila macho.

Mbuzi wetu wamekutwa wamekufa bondeni bila jeraha. Je, ni uchawi? (Sake)

Ni mazuku, neno letu ambalo wanasayansi wa nchi nyingine wamelichukua lilivyo. Hewa ya ukaa hutoka ardhini bila rangi wala harufu na, kwa kuwa ni nzito, hujilaza mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuamka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri, ilhali mtoto anayeinama hatua mbili mbele yake kuokota kuni anazimia. Mkiona ndege au panya wamelala wafu mahali pa chini, rudini juu, na mwenzenu akianguka humo msikurupuke kumfuata, kwa maana anayemfuata huanguka kando yake.