Operesheni ya sainasi: kama vinyama vinarudi, kuna haja gani?

Swali: Daktari, sainasi inanitesa mwaka wa 3 sasa na pumu ninayo. Siti skani imeonyesha vinyama puani pande zote, nimeambiwa nifanyiwe operesheni ya kamera ila watu wananiambia usithubutu, vinarudi tu. Ni kweli?

Jibu: Pole sana dada yangu, miaka 3 ya kupumulia mdomo si mchezo. Sikufichi, vinaweza kurudi, na mwenye pumu vinamrudia zaidi kuliko asiye nayo. Lakini kurudi kidogo kwenye kamera sio sawa na kurudi kwenye mateso, wengi tunawaona vimeota tena kidogo na wenyewe wanapumua na kulala vizuri tu. Uingereza na Wales waliwahi kufuatilia watu waliofanyiwa, baada ya miaka 5 kama 1 kati ya 5 ndio alikuwa ameshafanyiwa tena, maana yake wengi hawakurudi mezani.

Shida watu hawaelezwi kazi ya operesheni. Haiondoi ugonjwa, ugonjwa ni ule uvimbe wa ngozi ya ndani ya pua na hauna kisu, sisi tunatoa vinyama na kupanua milango ya sainasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, ili kamasi litoke na dawa ifike kule ilikokuwa haifiki. Kwa hiyo ukitoka ukaacha kusafisha pua na maji ya chumvi, ukaacha steroidi ya kupuliza puani (dawa ya kupunguza uvimbe) kwa vile unajisikia umepona, hapo ndo vinarudi kweli na lawama inaangukia operesheni.

Kinachopata nafuu zaidi ni pua kuziba na kamasi. Kunusa siwezi kukuahidi, wengine inarudi wengine inarudi kidogo ikapotea tena. Na kichwa kama kinauma kwa sababu ya kipandauso, operesheni haitakisaidia. Madhara makubwa kama kuumia jicho au maji ya ubongo kuvuja yapo ila ni nadra sana.

Kitu kimoja usisahau kumwambia daktari wako kabla: ukimeza aspirini au diklofenaki, kifua kinabana au pua inaziba ghafla? Kama ndiyo ziache kabisa, na ajue mapema maana wenye hali hiyo ndio vinawarudia haraka, mpango wa dawa wa baadae unakuwa tofauti. Na hayo maji ya kusafishia pua yachemshe kwanza yapoe, usichote bombani moja kwa moja.