Final Fantasy XIV: cheza bure kwanza

Mkuu, usitoe hela bado. Gemu hii ya mtandaoni, unayocheza pamoja na wengine, ina toleo la majaribio la bure lisilo na kikomo cha muda. Tangu Oktoba 2023 linakufikisha ngazi ya 70, likiwa na gemu ya msingi pamoja na nyongeza mbili nzima, Heavensward na Stormblood. Hadithi yake ni ndefu mno, utapata muda wa kutosha kujua kama inakufaa. Utakachokosa ni soko la wachezaji na uwezo wa kuunda kikosi mwenyewe, ila kualikwa unaalikwa.

Afrika haina seva zake, kwa hiyo chagua za Ulaya. Nacheza nikiwa Dar na inachezeka vizuri, kwa sababu mapigo mengi yana nafasi ya sekunde 2.5 kati yake, hivyo kuchelewa kwa intaneti hakuumizi sana.

Angalia sana hapa: akaunti ukishainunulia toleo kamili hairudi tena kwenye majaribio, na siku 30 za mwanzo zikiisha unalipa ada kila mwezi. Ukiinunua kwenye Steam (duka la gemu za kompyuta mtandaoni), nyongeza zote zinazofuata utalazimika kuzinunua Steam.