Ichiro, kifungua mimba wa kiume

Mhariri, wiki hii mmeuliza msomaji anajua jina gani la kigeni, maana yake na lilikotoka, na kama angeweza kumpa mwanae. Mi nachukua la Kijapani, Ichiro, na mnivumilie maana nikianza haya mambo huwa sikomi haraka.

Ukiliangalia juu juu ni jina rahisi kabisa. Ichi ni moja, ro ni mwanaume au kijana wa kiume, kwa hiyo Ichiro ni mtoto wa kiume wa kwanza, basi. Anayefuata ni Jiro, wa tatu Saburo, wa nne Shiro, wa tano Goro, yaani mama akisimama mlangoni kuwaita waje kula jirani anajua hapohapo nani kamtangulia nani. Ni kama Kulwa na Doto kwa Wasukuma, ila hii hesabu haihitaji mapacha na inaenda mpaka nyumba ichoke kuzaa. Mwandishi Kenzaburo Oe aliyepata Nobel 1994 alikuwa kweli mtoto wa kiume wa tatu, jina lilikuwa halidanganyi.

Sasa angalieni vizuri, wanahesabu wanaume tu. Dada zake hata wawe watatu wamemtangulia, yeye bado ni Ichiro, na jina linaloruka dada watatu hivihivi ujue kuna urithi nyuma yake.

Na kweli upo. Sheria ya kiraia ya Japani ya 1898 iliweka kila familia chini ya mkuu wa nyumba, na kwa kawaida kile kiti kilikuwa kinaenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, anachukua nyumba, shamba, makaburi ya mababu, na wazee wenyewe anawatunza mpaka siku ya mwisho. Wadogo zake wanatoka wakajitafutie huko, au wanaolewa, ndiyo nimesema wanaolewa, kwa sababu familia isiyo na mrithi wa kiume ilikuwa inamchukua kijana wa watu, anamuoa binti yao, anaacha ukoo wa baba yake na kubeba jina la ukoo wa mke, na toka siku hiyo anahesabika mwana wa nyumba ile. Mambo ya mkuu wa nyumba yalifutwa 1947 baada ya vita, kwenye makaratasi watoto wote wa ndoa wakawa sawa, ila majina yenyewe hayakufutwa na sheria yoyote.

Mfano mzuri tunauona barabarani kila siku, Toyota. Kiichiro Toyoda alizaliwa 1894, mwisho wa jina lake mnaiona ichiro yenyewe, ile "ki" ya mwanzo ni furaha, na baba yake mzee Sakichi ndo yule mgunduzi wa mitambo ya kufuma nguo. Kiichiro ndiye aliyeng'ang'ania magari wakati ndugu na wakubwa kiwandani hawana imani nayo. Lakini kampuni ya magari ilipoundwa 1937 rais wa kwanza hakuwa yeye, alikuwa shemeji yake Risaburo, mume wa mdogo wake wa kike, mtu aliyeingia ukoo wa Toyoda kwa njia hiyohiyo niliyoieleza hapo juu, ingawa Kiichiro alikuwepo, na jina lake sasa, saburo! Kiichiro alikuja kukalia kile kiti 1941. Mi hii stori naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba ule utaratibu haukuwa mkavu kama watu wanavyoudhania, aliyeoa kwenye nyumba akimzidi umri mtoto wa kiume wa kuzaliwa humo hesabu inakaa upya.

Alafu tukiwa hapohapo Toyota, ukoo ni Toyoda kwa d ila mwaka 1936 gari likapewa jina Toyota kwa t, na sababu mojawapo ni kwamba kwa herufi za katakana, aina mojawapo ya maandishi ya Kijapani, Toyota inaandikwa kwa mikwaju nane ya kalamu, na nane kwao ni namba ya bahati. Msicheke, hiyohiyo hesabu ya mikwaju inatumika kwenye majina ya watoto mpaka leo, kuna wazazi wanapiga hesabu ya jina na ukoo kwa pamoja, ikitoka mbaya wanatafuta herufi nyingine yenye sauti ileile.

Na hapo kwenye herufi ndo utamu wenyewe ulipo. Sisi tukisikia Ichiro tumemaliza, Mjapani bado anauliza linaandikwaje, maana herufi za majina yao zina maana kila moja. Chukua Ichiro Suzuki, yule wa besiboli aliyeenda Seattle 2001 na mwaka 2004 akaweka rekodi ya mipigo 262 ndani ya msimu mmoja. Huyu ni mtoto wa kiume wa pili! Ana kaka. Ila ro yake siyo ile ya mwanaume, ni herufi nyingine yenye maana ya uangavu na uchangamfu, sauti moja, maandishi mbalimbali, kwa hiyo wazazi wake hawakukosea hesabu wala nini. Na Suzuki ni ukoo wa watu wengi mno kule, ndo maana 1994 kocha wake akamsajili kwa jina moja tu, Ichiro, likaandikwa mgongoni likabaki hivyo.

Utaratibu wa kumpa mtoto jina nao siyo wa mchezo. Kimila usiku wa saba baada ya kuzaliwa jina linaandikwa kwa brashi na wino kwenye karatasi nyeupe, linabandikwa ukutani au karibu na kimadhabahu cha nyumbani, ndugu wanakula pamoja. Serikalini wana siku 14 tu za kuandikisha, na huwezi kuokota herufi yoyote, zinazoruhusiwa ni kama 3,000. Mwaka 1993 kuna baba pale Akishima, Tokyo, alitaka mwanae aitwe Akuma, yaani shetani, wakamgomea, ikafika mahakamani, mwisho wazazi wakachagua jingine. Na toka Mei 2025 hata matamshi yanaandikwa rasmi kwenye daftari la familia na lazima yawe ya kueleweka, maana vijana walishaanza kuandika herufi hii na kuisoma kitu kingine kabisa, mwalimu darasani anabaki anakodoa macho tu.

Siku hizi kina Haruto, Ren na Minato ndo wengi, Ichiro mtoto mchanga humkuti kirahisi. Nadhani ni kawaida, mtu mwenye mtoto mmoja au wawili anamhesabia nini?

Sehemu ya pili ya swali lenu, kama ningempa mwanangu, hapana. Wa kwanza kwetu anachukua jina la babu yake mzaa baba na hilo halijadiliwi, wa pili mama yake ameshasema ni zamu ya upande wao, labda tufike wa tatu ndo nipenyeze Saburo, na hapo nitakuwa na kazi ya kumweleza bibi yake.