Fundi wa kukarabati nyumba hapa Tanga

Dada uliyeuliza fundi wa kubadili bati na kupiga lipu upya nyumba ya mama Chumbageni, usianzie kwenye matangazo. Pita maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani, waulize wauzaji ni fundi gani hagombani na matajiri wake. Wale wanawajua wote, mpaka wanaouza saruji ya watu kichochoroni.

Ukipata jina, mwambie akupeleke kwenye kazi aliyoimaliza mwaka juzi. Ya wiki iliyopita haina maana, lipu mpya yote inapendeza. Igonge kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachia ukuta. Tazama na linta, ile mikanda ya zege juu ya milango na madirisha, kama zina madoa ya kutu. Mchanga wa ufukweni una chumvi na chumvi inakula nondo, kwa hiyo anayekushawishi uuchukue kwa vile ni wa bei poa, muage hapohapo.

Vifaa nunua mwenyewe, risiti kaa nazo. Pesa ya ufundi toa kwa hatua, na andikianeni mbele ya mjumbe, hata karatasi moja inatosha. Lipu imwagiwe maji kama siku 7 ikomae. Mwenye haraka ya kupaka rangi kesho yake hakufai.

Umeme mpe mwenye leseni ya EWURA tu, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na kama mnawaza kupandisha ghorofa, hapo ni kibali cha halmashauri na mkandarasi aliyesajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), si fundi wa mtaani hata awe mzuri vipi.